Tulikodi gari Cape Town ndio mama afike pale chini kabisa ya Afrika

Mama yangu alifundisha shule za msingi huko Vihiga miaka 34, na kama uliwahi kukaa darasani kwake enzi za GHC, lile somo la jiografia, historia na uraia, hii unaijua hata usingizini: sehemu ya kusini kabisa ya bara la Afrika ni Rasi ya Agulhas, sio Rasi ya Tumaini Jema. Ukiandika Tumaini Jema kwa mtihani wake umekosa, hakuna kuhurumiwa. Alikuwa anachora Afrika ubaoni na chaki bila kuangalia kitabu, anaanzia Tunisia anazunguka Senegal anashuka, anashuka, mpaka kule chini anaweka nukta halafu anaigonga na chaki mara mbili, tok tok. Miaka 34 anagonga hiyo nukta na mwenyewe hajawahi kuvuka mpaka wowote isipokuwa Busia, siku moja, kwa mazishi.

Alipostaafu mimi na dadangu mdogo tukaanza kuweka pesa kidogo kidogo, na Agosti 2024 shule zilipofungwa (dadangu naye ni mwalimu, hapa Kisumu) tukampeleka. Mambo ya visa hayakutusumbua kwa sababu tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila visa, unakaa hadi siku 90 kwa mwaka, ila usisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano, hicho wanakiangalia. Kazi ilikuwa kufika Agulhas yenyewe. Ukishuka Cape Town kila mtu anataka kukupeleka Cape Point, kule kwa Tumaini Jema, ni karibu na town na panapendeza kweli, lakini Agulhas iko kama kilomita 220 kutoka town, kushinda Kisumu mpaka Nakuru kidogo, na hakuna matatu ya kusema unapanda hapa unashukia pale. Wenye gari za watalii walitupigia bei ya siku moja ambayo ukiongeza kidogo tu unakodi gari siku tano. Ndio tukakata shauri tukodi, na dereva ni mimi kwa sababu dadangu hajawahi kushika usukani na mama anaendesha baiskeli tu.

Sasa naandika hii kwa sababu watu wengi sana wameniuliza, na karibu wote wanaanza na swali la barabara, ati ulitoboa aje, hukuogopa? Barabara ndiyo ilikuwa rahisi jamani. Afrika Kusini wanapita kushoto kama sisi, usukani uko kulia kama kwetu, lami iko safi. Penye pana uzito ni kwenye karatasi na kwenye kadi ya benki, na hapo ndio nataka mnisikilize vizuri.

Nilianza kutafuta gari mwezi wa tano. Nikapata gari ndogo ya gia, rand 320 kwa siku, na rand moja wakati huo ilikuwa kama bob saba, nikaona sawa hiyo ni 2,240, nikafurahi nikataka kulipa. Bahati nzuri nikasoma yale maandishi madogo ya chini kwanza. Yalisema dereva lazima aje na kredit kadi yenye jina lake mwenyewe. Sio debit. Sio ya dada yako. Mimi nilikuwa na debit ya benki yangu ya kawaida na ile Visa ya M-Pesa ya kwenye simu, ambayo kwa kulipia vitu mtandaoni ni nzuri sana na nitaendelea kuitumia, lakini kaunta ya gari wanataka kadi ambayo wanaweza kuzuilia pesa, yaani hawaikati, wanaifungia tu huko benki mpaka urudishe gari. Dadangu ndiye alikuwa na kredit kadi na yeye hana leseni. Kwa hivyo unaona hiyo hesabu, mwenye kadi haendeshi na anayeendesha hana kadi. Kuna kampuni zinakubali debit lakini dipoziti inapanda juu na masharti yanaongezeka. Nikaenda benki hapa Kisumu nikaomba kredit kadi, wakataka pei slip, wakataka stetimenti, nikarudi mara tatu, ilichukua karibu wiki tano kuipata. Kama unapanga safari ya Desemba anza hii kitu sasa hivi, usingoje tiketi ya ndege kwanza.

Kwa leseni, yangu ni ile smati ya plastiki ya NTSA, mamlaka yetu ya usafiri, ina picha na iko kwa Kiingereza, hiyo wanaikubali huko. Bado nilipitia AA Kenya nikachukua kile kibali cha kimataifa, kijitabu, sababu sikutaka kufika kaunta nianze kubishana na mtu mama amesimama nyuma yangu na mkoba. Hakuna aliyekiuliza. Lakini ningekichukua tena.

Tulifika usiku na nilikuwa nimeambiwa na zaidi ya mtu mmoja kwamba ile N2 ya kutoka eropoti kwenda town sio ya kuendesha usiku kama wewe ni mgeni, usisimame ovyo kandokando, funga vioo. Kwa hivyo tukapanda teksi tukalala, gari tukaifuata eropoti asubuhi. Hata kama barabara ingekuwa salama mia kwa mia ningefanya hivyo hivyo, umeamka saa tisa usiku Kisumu, umekaa Nairobi, umekaa kwa ndege, halafu uingie gari usiyoijua kwa giza? Hapana.

Kwa kaunta alikuwa msichana mpole sana, na hapo ndio penye watu wanapotelea kwa sababu umechoka, una furaha, anakuwekea karatasi mbele anasema weka sahihi hapa na hapa na hapa. Nikamwambia naomba nisome. Nikasoma yote, dakika kama ishirini, dadangu akaenda kutafutia mama chai.

Mambo yalikuwa hivi. Bei ya gari inakuja na bima ya kawaida lakini hiyo bima ina ekses, yaani ile pesa unatoa mfukoni mwako kwanza gari ikiumia kabla bima haijaingia, na yangu ilikuwa rand 15,000. Hiyo ni zaidi ya laki moja ya Kenya. Unaweza kuongeza rand 180 kila siku ndio ekses iende chini kabisa na dipoziti pia ipungue, nami nikaongeza bila kufikiria mara mbili, na kwa hiyo ya chini bado wakafungia rand 5,000 kwa kadi yangu. Halafu kukawa na kitu kingine kidogo, bima ya kioo na tairi, rand 45 kwa siku. Hizo mbili haziko ndani ya ile bima kubwa. Nikapiga hesabu, siku tano ni 225, nikasema hii nitaacha. Mtaona.

Pia ile mashine ya kadi ikaniuliza nataka kulipa kwa rand ama kwa shilingi za Kenya. Ukiona shilingi unafurahi kwa sababu ndio pesa unayoielewa, lakini chagua rand kila mara, ukichagua shilingi wanakubadilishia kwa reti yao na hiyo reti haikupendi.

Kingine kilichokuwa kwa karatasi ni kwamba barabara ya changarawe hairuhusiwi, ukigonga kitu huko bima haikujui, na kuvuka mpaka kwenda Lesotho au Namibia lazima wakupe barua. Na mtu mwingine asishike usukani kama jina lake haliko kwa mkataba, hata dakika tano, hata kwenye maegesho.

Gari ilikuwa Polo Vivo nyeupe, mama akasema hii si ndio ile walikuwa wanaunganisha Thika, na ni kweli, walianza Thika 2016, huyu mama hasahau kitu. Kabla sijawasha nikaizunguka na simu. Nilipiga video moja ndefu bila kukata, nikaanza na namba, nikapita milango, bampa, rimu zote nne nikiinama kabisa, kioo, paa, spea ndani ya buti, kisha dashibodi nikionyesha mafuta yako ful na kilomita ni ngapi. Jamaa wa pale aliniletea karatasi ya mchoro wa gari yenye alama mbili za mikwaruzo, mimi nikampata na nne zaidi, moja kwa rimu ya nyuma kushoto, nikamwambia andika zote, aliandika. Hakukasirika. Hiyo ni haki yako na wanaijua.

Safari yenyewe sasa. Tulipotoka eropoti mwili wangu ulikuwa umekaza, gari ya gia nilikuwa sijaendesha tangu pikap ya shemeji, lakini kufika Somerset West nikawa nimezoea. Pale unaanza kupanda Sir Lowry's Pass, mlima una kona, ukitazama nyuma unaona ile bahari yote ya False Bay imekaa chini yako na mama akasema simama, nikasimama pale penye wametengeneza pa kusimama, akaangalia kama dakika kumi bila kusema kitu. Upande wa pili unashukia Grabouw na Elgin, mashamba ya matufaha kila mahali, miti ilikuwa imebaki matawi matupu maana Agosti kwao ni baridi. Mama akasema kumbe ndio hapa, yale matufaha yana stika tunauziwa soko la Kibuye Kisumu yanatoka huku. Akafurahia hiyo kuliko vitu vingi tulivyolipia tiketi.

Kuna tabia za barabarani za huko ambazo ningependa zitufikie. Kwenye barabara kubwa upande wa kushoto kuna mstari wa njano, gari yenye inaenda polepole inasogea inavuka huo mstari kidogo ikupishe, wewe ukishapita unawasha hazadi mara mbili kusema asante, naye anakujibu na taa. Mara ya kwanza nilidhani anayenimulika ananionya kuna polisi mbele, kama vile huku kwetu mtu akikuwashia taa ful unajua polisi wako Awasi mbele. Kumbe anasema tu karibu. Lakini usifanye hivyo kwenye kona au kilima, huko kando watu wanatembea. Halafu kuna zile njia panda za stop, barabara nne zinakutana hakuna taa hakuna askari, kila mtu anasimama kabisa na aliyefika kwanza ndiye anaenda kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu. Nilikaa hapo nikafikiria msongamano wa Kondele, Kisumu, saa kumi na mbili jioni. Na taa za trafiki wanaziita roboti! Tulimuuliza mzee njia akatuambia nendeni mpaka roboti ya pili mpinde kushoto, dadangu akabaki anatafuta roboti.

Spidi ni 120 kwa hizo barabara kubwa, 60 ukiingia mji, na hakuna matuta ya kukukumbusha, kuna kamera. Faini inaenda kwa kampuni ya gari, kampuni inakukata kwa kadi pamoja na ada yao ya kushughulikia, na hiyo ada wakati mwingine inauma kama faini yenyewe. Niliendesha na 110 na nilifika.

Mafuta unawekewa na mtu kama huku kwetu, hushuki, wanakupangusia kioo na kuangalia oili, unampa rand tano au kumi. Bei inabadilika Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, sisi tunangojea EPRA, wale wa kutangaza bei ya mafuta, tarehe 14, kwa hivyo hilo jambo la watu kupanga foleni usiku wa kuamkia bei mpya tulielewana nalo vizuri sana na yule kijana wa pampu. Alimuita mama yangu Mama, vile vile tunavyosema, na mama akamuuliza umesoma mpaka wapi. Kwenye maegesho ya town pia kuna watu wamevaa viakisi wanakuangalizia gari, rand chache unampa ukitoka, beba sarafu.

Ukifika Caledon unaiacha N2 unashika R316 kuelekea Napier na Bredasdorp. Hapo pana vilima virefu vya mviringo, na Agosti kanola imechanua, njano tupu, njano mpaka mbinguni, katikati kuna kijani cha ngano na kondoo. Mbele yetu kulikuwa na lori, nikakaa nyuma yake karibu kushinda ninavyopaswa kwa sababu nilikuwa natafuta nafasi ya kupita, na jiwe likaruka. Tap. Likapiga kioo upande wa mama. Kidoa kidogo kama punje ya mtama, na tulipofika Bredasdorp kilikuwa kimetoa mguu wa urefu wa kidole. Nilinyamaza. Rand 45 kwa siku, niliikataa na mdomo wangu. Mama akasema wewe endesha, kioo tutajua baadaye.

Kutoka Bredasdorp ni R319, inanyooka, Struisbaai halafu L'Agulhas, na unaona ule mnara wa taa mwekundu na mweupe ambao uliwashwa mara ya kwanza 1849. Tukaegesha. Upepo huo! Mama alivaa sweta mbili na leso kichwani, tukapita kwenye ile njia ya mbao, dadangu amemshika mkono, mawimbi yanapiga mawe meusi, mpaka pale penye nguzo ya mawe yenye kibao. Ukiangalia baharini Bahari ya Hindi iko kushoto kwako na Atlantiki kulia, ndio mpaka rasmi wenyewe, mbele hakuna kitu mpaka Antaktika. Mama alitueleza, sisi wawili na Wajerumani wanne waliokuwa hapo, kwamba Agulhas ni neno la Kireno maana yake sindano, mabaharia wa zamani waliona sindano ya dira hapo inaelekea kaskazini halisi bila kupinda. Alieleza kwa Kiingereza chake cha darasani, polepole, na wale Wajerumani walisimama kama darasa la sita.

Halafu akainama, akagonga ile nguzo na kidole mara mbili.

Sikuweza kupiga picha, macho yalikuwa yamejaa. Dadangu alipiga. Tulikaa pale karibu masaa matatu, kuna basi la watalii lilikuja, likapiga honi, watu wakakimbia kurudi, likaondoka, mama bado ameketi juu ya jiwe na chai ya thamosi. Hiyo ndio nililipia. Hakuna mtu wa kumwambia Mwalimu twende, muda umeisha.

Tulilala Struisbaai, kesho yake tukapitia Hermanus na tukaona nyangumi kutoka ufukweni, bila boti, umesimama tu kwenye miamba, wanakuja pwani ile kati ya Juni na Novemba. Ramani ya simu ilikuwa inataka kutupitisha njia fupi ya changarawe nikaikatalia kwa sababu ya ule mkataba, tukazunguka na lami. Siku zilizobaki tulikuwa Cape Town, Chapman's Peak ile barabara imechongwa kwenye jabali ina kona 114 unalipia kupita na inastahili, pengwini wa Boulders, na Table Mountain tulikosa sababu ya upepo.

Kurudisha gari nilijaza mafuta petroli steshoni ya karibu na eropoti nikaweka risiti, na nilifika mapema ndio gari ikaguliwe nikiwa hapo hapo, usitupe ufunguo kwenye sanduku ukaenda zako. Mkaguzi alikuwa mwingine. Aliona kioo, nikamwambia ndio, jiwe, sikubishana. Kisha akainama kwenye rimu ya nyuma kushoto akasema na huu mkwaruzo pia. Nikatoa karatasi, nikatoa video, nikamwonyesha dakika na tarehe. Akaangalia, akasema sawa, akaifuta kwa orodha yake. Kioo nilikatwa rand 1,900, hiyo ni zaidi ya 13,000 yetu kwa sababu ya kukataa rand 225. Rimu ingekuwa juu yake.

Ile rand 5,000 ilibaki imefungiwa, kwa hivyo usiihesabu kama pesa ya kutumia safarini wala ya nauli ya kutoka eropoti. Siku ya kumi na mbili nikiwa Kibuye nanunua omena meseji ya benki ikaingia kwamba imeachiliwa. Nikampigia mama kumwambia. Alikuwa shambani, akasema vizuri, kisha akaniambia sasa kule juu kabisa kaskazini ni Tunisia, karibu na Bizerte, hapo pia nilikuwa naweka nukta.

Tunisia wanapita kulia. Nimeanza kuuliza kama nikipata gari ya otomatiki itakuwa rahisi, na kama kuna mtu hapa ameshaendesha upande huo naomba aniambie ilimchukua siku ngapi kuzoea.